Mlima Peke Yake Hautoshi

Wako wanaodhani kwamba milima ya Mbeya na Iringa yatosha kwa kila uchunguzi wa anga. Sivyo. Mlima Rungwe haufiki mita 3,000, hali tabaka la ozoni, lizuialo miali mingi ya urujuanimno, liko kati ya kilomita 15 na 35 juu ya ardhi. Ndiyo maana ilihitajika setilaiti ya GALEX, iliyorushwa na Marekani mwaka 2003, kugundua nyota changa mbali nje ya mikono iliyojipinda ya galaksi M83, ambayo hupita juu angani mwa Nyanda za Juu Kusini usiku wa Aprili. Picha na vipimo hivyo viko wazi kwa wote. Basi vijana wasingojee darubini mlimani. Wafundishwe sasa hisabati na fizikia ya kuvichambua.