Kimya cha Wawili

Mwezi huu tuzungumzie kimya. Sisemi kile cha kununa, mwenzio kakupa mgongo tangu jana na ukimuuliza anajibu, "Sina kitu." Nasema kimya cha watu wawili waliokaa pamoja bila neno na wakaridhika.

Wengi wetu tunakiogopa. Dakika tano zikipita tu, mmoja ataanza: "Una nini? Nimekuudhi?" Basi tunawasha TV, tunashika simu, mradi nyumba ipige kelele. Na sisi wa Kigoma, mji wa akina Leka Dutigite, kwa muziki wa kuchangamsha hatujambo!

Ila kuna muziki mwingine, unaitwa ambienti. Hauna ngoma ya kuchezea, na mara nyingi hauna maneno: sauti chache za vifaa vya elektroniki, zinavutwa taratibu, zinajirudia, zinabadilika bila haraka. Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelieneza jina hilo kwa albamu yake ya 1978, Music for Airports. Wa kwetu Afrika Mashariki ni KMRU wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji mkongwe wa nyimbo za Kikikuyu. Babu alisifika kwa maneno mazito. Mjukuu, katika albamu ya Peel ya 2020, anaacha sauti za mazingira na mashine ziseme. Wimbo wa mwisho peke yake unapita dakika 20!

Mara ya kwanza utasema, "Mbona hauanzi?" Usizime. Ni kama kukaa ufukweni Kibirizi usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Ukitazama haraka unaona mstari wa taa tu. Ukitulia, unaona moja inasogea, nyingine inafifia, na unakumbuka kuwa ziwa lile kina chake kinafika mita 1,470.

Mwaka ambao mume wangu alipoteza kazi, maneno yalituishia. Kila swali liligeuka kuwa pesa. Tukawa tunaweka albamu moja usiku, sauti ya chini, simu chumbani, hakuna kuulizana. Usiku wa tatu, muziki ukiwa bado unaenda, alianza mwenyewe: deni ni kiasi gani, anaogopa nini. Mimi nilisikiliza tu.

Muziki haukulipa lile deni, jamani. Na kama kimya cha nyumbani kwako ni cha kukomoana, hakuna albamu itakayokitibu. Kaeni chini mzungumze. Lakini kama mnapendana ila mmechoka kwa maswali, jaribuni Jumamosi hii. Ikiwa albamu nzima ni ndefu, anzeni na nusu. Asiyetaka kuongea asilazimishwe. Kukaa naye tu, hilo nalo ni jibu.

Tukutane mwezi ujao.