Okidi ya Kunukia Sebuleni

Ukitaka okidi ya kunukia, inuse kwanza kabla ya kulipa. Nyingi zinazouzwa kwenye vyungu ni za kupendeza macho tu. Aerangis brachycarpa, ya kwetu Afrika Mashariki, hunukia usiku ili kuwavuta nondo. Mchana utadhani umedanganywa. Ifunge kwenye kipande cha gome, maana udongo huozesha mizizi. Usiing'oe msituni Kwaraa wala kwingineko. Tafuta iliyooteshwa kitaluni.

Yangu, hapa Babati, niliiweka chumbani kwa watoto. Harufu kali huweza kuamsha pumu, nami muuguzi nilisahau! Kijana wangu alikohoa hadi alfajiri. Sasa iko sebuleni dirishani, na mlango wa watoto hufungwa jioni.