Mguu Ukikatwa, Safari Haijaisha

Katika kijiji ninachofanyia kazi yupo mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Alirudi nyumbani, akakaa mkekani miaka miwili. Mimi nilikwenda mara nyingi kumsafisha kidonda na kumpa pole. Habari ya mguu wa bandia sikumwambia. Nilidhani ni kitu cha Ulaya, cha matajiri.

Nilikosea. Mwaka 1968, huko Jaipur, India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa bandia wenye wayo wa mpira. Anayeuvaa anaweza kwenda pekupeku, kuchuchumaa na kuingia kwenye matope ya shamba. Hapa kwetu Tanzania, chuo cha TATCOT kilianzishwa Moshi mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo vya bandia.

Mguu huo haununuliwi dukani kama viatu. Fundi hufunga kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwa bandeji yenye plasta. Plasta ikikauka huivua, naye hupata umbo kamili la kigutu. Kwa umbo hilo hutengeneza kikombe cha kuvaa. Ndiyo maana mguu wa jirani haukufai, na mtoto akikua lazima apimwe tena.

Sasa sikia kosa lililotuumiza. Mzee alipenda kulala na mto chini ya goti. Aliona nafuu, nasi tukamwacha. Goti likajikunja, likakataa kunyooka. Tulipompeleka kwa fundi, alirudishwa kwanza afanye mazoezi ya kulinyoosha. Ilikuwa miezi ya maumivu. Mto tu!

Kama nyumbani kwako yupo aliyekatwa mguu, usimwekee mto. Goti linyooshwe kila siku. Kidonda kikipona, mwambie mganga akuonyeshe namna ya kufunga bandeji ili kigutu kisivimbe. Kisha omba barua ya kwenda kwa fundi, na uulize gharama mapema, maana gharama zipo.

Akiupata mguu, aoshe kigutu kila jioni kwa maji na sabuni, akikaushe, akitazame vizuri. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu. Akiona jeraha, asiuvae mpaka lipone.

Mzee wetu sasa anakwenda shambani mwenyewe. Ananilalamikia kwamba mguu unalia kama mlango mbovu.