Kupima au Kukadiria? Kitenzi Kimoja katika Kemia ya Nyota

Katika maandishi ya sayansi kwa Kiswahili husemwa kwamba wanaastronomia "hupima" kemia ya nyota. Makala haya yanashikilia kuwa kitenzi hicho kinapotosha. Kinachopimwa ni mistari myeusi ya spektra. Kiasi cha elementi hukadiriwa kwa kutumia modeli ya angahewa ya nyota.

Mfano bayana ni oksijeni ya Jua. Mwaka 1989 Anders na Grevesse walitoa thamani ya 8.93, katika skeli ya logi ambamo hidrojeni ni 12. Mwaka 2009 Asplund na wenzake walitoa 8.69, yaani upungufu wa takribani asilimia 42. Jua halikubadilika, zilizobadilika hasa ni modeli na uchambuzi wa mistari. Kwa mfano, mstari wa oksijeni wa nanomita 630 umeingiliana na wa nikeli. Asiyeutenga mchango wa nikeli huizidishia oksijeni. Mwaka 2022 Magg na wenzake walipata 8.77. Mjadala haujafungwa.

Makosa ya aina hii hayapungui kwa kurudia uchunguzi, kwani hayatokani na nasibu bali na dhana zilizotangulia hesabu. Hivyo, istilahi zetu hazina budi kutenganisha "kosa la nasibu" na "kosa la kimfumo", na "kupima" kubaki kwa mstari, "kukadiria" kwa kiasi. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa oksijeni "imepimwa" hataona sababu ya kuuliza ni modeli ipi iliyotumika.