Mmekubaliana Kuachana? Msidanganye Korti

Wasee, si kila talaka ni vita. Kuna watu wawili wamekaa chini wakakubaliana yameisha, hakuna anayepinga. Hao wanaweza kupeleka ombi lao kwa korti ya hakimu bila wakili. Ni haki yao.

Shida ni hii: kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, "tumechokana" haitoshi. Lazima utoe sababu kama uzinzi, ukatili, kuachwa, ama ndoa kuvunjika kabisa. Ndiyo maana unasikia mtu akishauriwa, "Andika tu alikuwa na mpango wa kando, itaenda haraka." Zii! Hayo maneno utayaapia. Na mtoto wenu anaweza kuyasoma siku moja.

Kama ndoa yenu ni ya kiserikali na mmeamua kuishi mbalimbali kwa miaka 2, hiyo ni sababu tosha. Sema hivyo, basi.

Kabla ya korti, andikeni nani atakaa na watoto na nani atalipa karo. Mkianza kugombania shamba, tafuta wakili, wacha ujuaji.

Mimi naona watu wazima wakiachana kwa heshima, sheria isiwalazimishe kutafutana makosa. Wewe je?