HASARA YA KARATASI



Kila mwisho wa mwezi mshahara wetu hukatwa kodi kabla haujafika mkononi. Hatuulizwi neno, wala hatuna wakili wa kutuhesabia. Basi ni haki yetu kutazama jinsi wenye mali wanavyohesabu yao.

Tutazame Marekani. Huko kampuni ikipata mgawo wa faida kutoka kampuni nyingine, sehemu kubwa haitozwi kodi. Mwanzoni mwa mwaka 1984 sehemu hiyo ilikuwa 85 kwa mia. Wajanja wakaona njia. Kampuni yanunua hisa kwa dola 100, ikijua kwamba mgawo wa dola 40 u karibu. Mgawo ukitoka, hisa yashuka hadi 60. Kampuni yaiuza na kulia: "Tumepata hasara ya 40!"

Hasara gani? Ina 40 za mgawo na 60 za hisa: ni 100 ile ile. Lakini katika mgawo imetozwa kodi juu ya dola 6 tu, na "hasara" yote ya 40 imeikata katika faida ya mali nyingine iliyouza.

Bunge lao lilikataza mchezo huo mwaka 1984, na mwaka 1986 likakaza kamba. Mgawo ukifika 10 kwa mia ya bei ya kununulia hisa za kawaida, na hisa hazijakaa zaidi ya miaka miwili kabla ya mgawo kutangazwa, ile sehemu isiyotozwa hutolewa katika bei ya kununulia. Toa 34 katika 100, yabaki 66. Uza kwa 60: hasara ni 6, na mgawo uliotozwa ni 6. Uwongo umekwisha.

Je, matajiri walitulia? Mwaka 1995 Seagram, kampuni ya pombe ya Kanada, iliwauzia DuPont hisa zao wenyewe milioni 156 kwa dola bilioni 8.8. Ikabaki na hati za haki ya kununua hisa baadaye, na kwa nguvu ya hati hizo ikazihesabu fedha zile kuwa mgawo, si bei ya kuuzia. Ilibidi Bunge lizibe tundu jingine mwaka 1997.

Mabwana watasema faida moja isitozwe kodi mara mbili. Vema. Lakini kutotozwa mara mbili si ruhusa ya kudai hasara isiyokuwapo.

Nasi hapa Kenya tusisinzie. Mgawo ambao kampuni ya hapa hupata kutoka kampuni nyingine ya hapa, ikiwa inashika kura 12.5 kwa mia au zaidi, hautozwi kodi. Kodi ya faida ya kuuza mali ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa 5 kwa mia, na tangu 2023 ni 15. Palipo na milango miwili, mlinzi asimame kati.

Kwa hiyo, ndugu, mwajiri akija mezani na karatasi ya hasara ili kutunyima nyongeza, tusiinamishe vichwa. Wajumbe wetu waulize: Hasara hii ni ya kazi, au ya hisa? Hisa zilinunuliwa lini? Zilitoa mgawo gani kabla ya kuuzwa? Asiyejibu hayo hajaonyesha hasara. Ameonyesha karatasi tu.

Umoja ni Nguvu!