Picha za shamba la shangazi ni mali ya nani?

Leo naweka msimbo kando, kuna jambo linanikereketa.

Mwaka jana watafiti walifika kwa shangazi yangu kule Runyenjes, Embu, wakapiga picha za majani ya kahawa yenye kutu. Walimweleza kuwa mradi unalipiwa na serikali, nao utafundisha kompyuta kutambua magonjwa. Shangazi akawachemshia chai. Juzi nikiwa hapa Meru mjini, najaribu kuunda programu ya simu ya kazi hiyo hiyo, niliwaomba picha hizo. Jibu: ni mali ya taasisi, mambo ya hataza bado yanashughulikiwa.

Hataza ya nini? Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, kifungu cha 21, inasema mbinu za hisabati si uvumbuzi wa kupewa hataza. Na modeli ya akili bandia, ukiifungua ndani, ni namba nyingi zinazozidishwa na kujumlishwa. Programu nayo inalindwa na hakimiliki bila hata kusajiliwa. Kwa hiyo kufuli yenyewe si hataza, ni data.

Najua kifungu cha 32 kinampa mwajiri uvumbuzi wa mfanyakazi wake, isipokuwa mkataba useme vingine. Sawa. Lakini anayemlipa mwajiri huyo ni nani? Ni shangazi, kila anaponunua salio la simu na kukatwa ushuru. Ametoa kodi, ametoa picha, ametoa na chai! Hata Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 iliporuhusu vyuo kumiliki hataza za utafiti wa fedha za umma, serikali ilibaki na haki ya kutumia uvumbuzi huo bila malipo.

Majirani zetu wametuonyesha njia. Mwaka 2020, picha zaidi ya 21,000 za majani ya mihogo kutoka Uganda, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, ziliwekwa wazi kwenye Kaggle. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa taasisi ya utafiti wa mazao, NaCRRI, walishirikiana kuziainisha. Waunda programu wa dunia nzima wakazifanyia kazi.

Utaniambia: tukiachia wazi, makampuni makubwa ya ng'ambo yatachukua bure kisha yatuuzie. Hofu hiyo ina msingi. Lakini hao wana fedha za kupiga picha zao wenyewe. Anayefungiwa nje na kabati letu ni kijana wa Meru au Embu mwenye kompyuta moja. Dawa ni leseni yenye masharti, kama ile ya Nwulite Obodo iliyobuniwa hapa Afrika: haimpi wa nchi tajiri masharti sawa na wa nchi inayoendelea. Mcheza kwao hutunzwa.

Basi pendekezo langu ni fupi. Fedha zikiwa za umma, data itolewe kwa leseni ya namna hiyo tangu siku mkataba unapotiwa saini, si baada ya kuombwa. Na mkulima aliyepigiwa picha awe wa kwanza kupewa majibu. Shangazi bado anasubiri ya kahawa yake.